Kabla ya Kushika Kafi: Nasaha Kutoka Bahari ya Baridi



Mwezi wa Januari mwaka huu mpwa wetu anayeishi Norwe alimpelekea mama yake ujumbe mrefu wa sauti. Kijana huyu alizaliwa Mtongwe, akasoma chuo na skuli huku huku Likoni, kisha riziki ikamchukua ng'ambo. Mama yake, ambaye ni dada yetu, alituita sote barazani baada ya Isha, akaiweka simu juu ya mkeka, na sauti ya kijana ikaanza kwa maneno haya: “Mama, nakuomba usighadhibike kabla hujanisikiza mpaka mwisho.” Dada yetu akaghadhibika papo hapo.

Habari yenyewe ilikuwa kwamba alikwenda baharini katikati ya majira ya baridi, katika mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja unaoitwa kayaki, pamoja na wenzake watano na kiongozi mmoja. Tunaisimulia safari hiyo juma hili kwa sababu likizo ya Agosti imekaribia, na wengi wetu wa Kisauni, Likoni na Changamwe tutataka kuwatoa watoto kwenda kutembea majini. Alivyofanya kiongozi yule wa Norwe yana mafunzo kwetu, nasi tuna jambo letu wenyewe la kuungama.

Mji alikotokea ni Tromsø, ulioko takriban kilomita 350 kaskazini ya mstari wa Duara ya Aktiki. Huko, tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa. Penye adhuhuri huwa na mwanga wa buluu kwa saa chache, mfano wa mwanga wetu wa baada ya Magharibi, kisha giza hurudi. Bahari yenyewe haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki hufika hadi huko. Lakini vuguvugu hilo ni la kulinganisha tu, maana maji huwa na nyuzi 5 hivi za joto. Maji yetu ya Mombasa, hata mwezi wa Agosti, hukaribia nyuzi 25.

Kayaki si chombo cha kizungu kwa asili. Ni chombo cha Wainuiti, watu wa Greenland na kaskazini ya Kanada na Alaska, ambao tangu kale walikitumia kuwindia sili. Nchi zao nyingi hazina miti, kwa hiyo waliunda mifupa ya chombo kwa magogo yaliyoletwa na bahari, au kwa mifupa ya wanyama, kisha wakaifunika kwa ngozi za sili zilizoshonwa zisipenye maji. Mwindaji alivaa joho la ngozi lililofungwa usoni, vifundoni na kuzunguka tundu la kuketi, hata yeye na chombo wakawa kitu kimoja. Alipopinduka, alijua kujigeuza akarudi juu bila kutoka chomboni. Hakujifunza hayo kwa mchezo. Katika maji yale, mtu aliyetoka chomboni mwake aghalabu hakurudi kwao.

Mpwa wetu alisema kwamba saa mbili za mwanzo hawakugusa kafi. Kiongozi aliwakalisha bandani, akamuuliza kila mmoja kama anajua kuogelea, kama ana maradhi ya moyo au pumu, na kama amekula. Akawavisha nguo za sufu ndani, na juu yake vazi la kipande kimoja lisilopenyeza maji, lenye mpira wa kubana shingoni na mikononi. Juu ya vazi hilo jaketi la kuokolea, akalivuta yeye mwenyewe mabegani mwa kila mtu kuona kama litapanda. Kisha akawaingiza majini ufukweni, hadi kifuani, mmoja mmoja, wapinduke kwa makusudi na watoke. Mtu mmoja katika kundi alikataa, akisema amelipa kuona milima, hakulipa kuloweshwa. Kiongozi akamjibu kwa upole kwamba hana neno, chai iko bandani, na wenzake watarudi baada ya saa tatu. Yule bwana akabaki nchi kavu.

Tena, safari ilikuwa ya siku mbili, ikafanyika moja tu. Siku ya pili upepo uligeuka usiku, na alfajiri kiongozi akawaarifu kwamba hawatatoka. Mpwa wetu anasema hakuna aliyenung'unika.

Dada yetu aliuliza kwa sauti, kana kwamba simu ingemjibu, “Na swala?” Ujumbe ulikuwa umeliwahi swali lake. Kijana alieleza kwamba katika nchi zisizoona jua, wanazuoni wamewaruhusu Waislamu kukadiria nyakati, ama kwa mji wa karibu ambao jua lake huchomoza na kuchwa, ama kwa saa za Makka. Naye hufuata ratiba ya msikiti wa mji ule. Alimweleza kiongozi tangu siku ya kujiandikisha kwamba atahitaji kusimama. Kiongozi akaitia swala katika mpango wa safari, kama alivyotia chai na maji ya moto. Kijana akatia udhu kabla ya kuvaa lile vazi, na Adhuhuri akaiswali ufukweni juu ya theluji.

Kisha alisema jambo lililobaki masikioni mwetu. Wapiga kafi wa bahari za baridi wana kanuni moja: usivae kwa ajili ya hewa, vaa kwa ajili ya maji. Huenda siku ikawa shwari na mwili una joto la kupiga kafi, lakini nguo zako ni za mtu anayekwenda kutumbukia. Maana maji huuondolea mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Wataalamu wa maji baridi hufundisha hesabu fupi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza pumzi hukatika na mtu hutwetwa. Akikosa subira humeza maji, na wengi hufa hapo kabla baridi haijawaua. Dakika 10 zinazofuata ndizo za kufanya jambo la maana kwa mikono, kama kushika kamba au kupanda chombo, kwani baada yake vidole havitii. Kisha ipo kama saa moja kabla ya fahamu kupotea, na saa hiyo ni ya aliyevaa jaketi. Asiye na jaketi hafiki huko, kwa kuwa mikono ikishindwa kuogelea huzama.

Mwisho wa ujumbe kijana aliuliza: “Na nyinyi huko mkienda na watoto, mwawavisha majaketi?”

Hapo baraza ilinyamaza, kwa sababu ya Agosti ya mwaka uliopita.

Siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja, wakubwa watano na watoto sita. Tulikodi kayaki za watu wawili wawili kwa kijana mmoja mvuvi upande wa Mishomoroni, tuingie mkono wa bahari wa Tudor, tukaone mikoko na ndege, na turudi kula. Kijana alituambia tangu jana yake tufike saa mbili asubuhi. Alikuwa na sababu yake: maji yangejaa saa nne, nasi tungepanda nayo kwenda na kuteremka nayo kurudi, na tungekuwa tumeshatoka kabla ya upepo wa kusi kupata nguvu. Tulifika saa nne na nusu. Mahamri yalichelewa, gari likasubiri mtu, na mtu akasubiri mtu.

Kijana alituamkia, akatazama maji, akasema, “Ami, maji yashageuka. Leo natuzunguke hapa karibu, twende mbali siku nyingine.” Sisi, watu wazima wenye ndevu, tukambishia. Tukamwambia watoto wamengoja juma zima, na pesa tumeshatoa. Alikuwa na umri wa wana wetu, na katika mila zetu kijana hamwambii mkubwa “hapana” mara mbili. Akakubali.

Majaketi yalikuwa manane. Kiongozi alivaa lake, sita wakapewa watoto, moja akapewa mmoja wetu, na wakubwa wanne tukaenda bila. Tulijiambia kwamba sisi ni watu wa pwani.

Kwenda kulikuwa kwepesi mno. Upepo wa kusi ulitupiga mgongoni kuelekea ndani, kayaki zikateleza, nasi tukadhani ni nguvu za mikono yetu. Hilo ni kosa la kale la mpiga kafi asiye na ujuzi: upepo ukimsukuma hauhisi, huhisi ukali wake anapougeukia. Tulipogeuka kurudi, saa sita ikiwa imepita, maji yalikuwa yakitoka kwa kasi kuelekea baharini na upepo ukiyapinga. Upepo na maji vikikabiliana, hata mahali palipofunikwa kama Tudor, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama, yenye kuupiga mtumbwi ubavuni. Kando, chini ya mikoko, maji yalishatoka na matope yametokeza, hapana pa kuegesha. Mikono ilikuwa imechoka.

Chombo kilichopinduka kilikuwa cha watoto wetu wawili, kaka wa miaka kumi na sita na dada yake wa miaka tisa. Kaka alikuwa anajua kuogelea. Mtoto wa kike hajui, kwa kuwa hatukumfundisha. Jaketi lake lilikuwa la mtu mzima, na njiani alipolalamika joto, ni sisi tuliomlegezea mikanda. Alipoanguka, jaketi lilielea na yeye akabaki ndani yake kama pipa, mikono juu, uso umefunikwa. Nguo yake ndefu ilimzonga miguu. Yule kijana mvuvi aliruka majini kabla yetu hatujatambua tunaloliona, akamshika nyuma ya shingo, akamgeuza uso juu, akamlaza juu ya kayaki iliyopinduka. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Alhamdulillahi alikohoa, akalia.

Jua la Mombasa lilikuwa utosini, na maji si ya Tromsø. Hata hivyo mtoto alitetemeka karibu saa nzima, meno yakigongana, amefungwa leso tatu. Maji ya nyuzi 25 bado ni baridi kwa mwili wa nyuzi 37, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa.

Hatukuliandika jambo hili wakati ule. Tuliona haya. Sauti ya mpwa wetu ndiyo iliyotutoa haya, kwani tuliona wazi kwamba tofauti ya safari ile na yetu haikuwa baridi. Wenzetu walitoka wakiwa wamekubali kwamba watatumbukia, wakajiandaa. Sisi tulitoka tukiwa tumekataa kwamba jambo hilo linaweza kutupata.

Wala si kwamba bara yetu haina kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu na pwani, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na roho 272 zikapotea. Yapo majumba Likoni ambayo hadi leo yanakumbuka siku hiyo kwa majina. Kivuko si kayaki, lakini maji ni yale yale, na mazoea ni yale yale: chombo kinaondoka, wengine wamo bila cha kujiokolea, kila mmoja anajiambia kwamba jana kilifika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Siku hiyo hutuangukia sisi katikati ya kusi, kabla tu ya likizo. Ni wakati mwafaka wa kuzungumza nyumbani.

Tuzungumze nini? Kwanza, majira. Wazee wetu hawakuyachukua mambo haya kwa bahati. Kaskazi ilikuwa na kazi zake na kusi ina zake. Juni hadi Agosti, katika kipupwe, mvuvi mwenye chombo kidogo huchagua siku na saa. Atakaye kutoka na watoto majira haya na atoke asubuhi mapema, abaki ndani ya mikono ya bahari kama Tudor, Mtwapa au Port Reitz, asivuke kwenda nje ya mwamba. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, na Idara ya Hali ya Hewa hutangaza nguvu ya upepo. Visomwe vyote viwili jana yake. Na kama upepo utakuwa na nguvu, ni bora kuanza kwa kuukabili na kurudi nao mgongoni, nguvu zikiwa zimepungua.

Pili, jaketi. Hesabu ya majaketi iwe sawa na hesabu ya watu, wakubwa kwa wadogo. Mtoto apewe la kimo chake. Mfungie mikanda yote, kisha mshike jaketi mabegani umvute juu: likipita kidevu, si lake. Kwa mtoto mdogo litafutwe lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Akilalamika joto, mwagie maji kichwani, usimlegezee.

Tatu, mavazi. Kina mama na mabinti zetu wasizuiwe kutoka majini, wala wasitoke na buibui refu ambalo likilowa huwa pingu. Sitara inapatikana kwa suruali pana kiasi, kanzu fupi ya kufika magotini na mtandio uliofungwa nyuma imara. Vaa kwa ajili ya maji, kama walivyosema wale wa Norwe. Na sitara na usalama havigombani.

Nne, kuogelea. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, kuhimiza watoto wafundishwe kuogelea. Aghalabu wana wa kiume hujifunza wenyewe kwa kutoroka kwenda ufukweni, mabinti hubaki. Kinachohitajika ni mama au shangazi mmoja ajuaye, maji ya kifuani, na asubuhi chache za faragha. Mtoto akijua kuelea chali na kutulia pumzi kwa dakika moja, ameshapata nusu ya uokozi.

Tano, mazoezi ya kupinduka. Kabla ya kuondoka, kila mtu apinduke mara moja ufukweni na akumbushwe kukishika chombo. Chombo kilichopinduka huelea na huonekana kwa mbali; kichwa cha mtu hakionekani. Na mtu mmoja aliyebaki nchi kavu ajue njia yenu na saa ya kurudi.

Mwisho, na ndilo kubwa, kiongozi. Dini yetu imetuelekeza kwamba watatu wakisafiri wamteue mmoja wao awe amiri. Amiri wa majini ni yule ayajuaye maji, hata awe ni kijana wa kumuamkia babu yake. Akisema hatutoki, haitokwi. Heshima ya mkubwa haimpi elimu ya mkondo. Nasi tulipaji ndio wenye jukumu zito zaidi, kwa kuwa anayetegemea ujira wetu huona taabu kutukatalia. Tumwambie tangu tunapolipa kwamba akiona hatari na aahirishe, na ujira wake hautapungua. Tukifanya hivyo tumefunga ngamia, kisha ndipo tutawakali.

Mwezi uliopita tulikwenda Mishomoroni kumwomba radhi yule kijana. Alitukaribisha kahawa. Hakutaka mengi yasemwe. Alitutaka tu, tukija tena, tufike saa moja na nusu. Ameshanunua majaketi manne madogo, nasi tumenunua matano ya wakubwa. Binti yetu sasa anajifunza kuogelea na shangazi yake kila Jumamosi baada ya Alfajiri. Anaelea. Bado haogopi chochote, jambo ambalo halimpendezi mama yake, na ameshauliza mara tatu tutakwenda lini.

Tumempelekea mpwa wetu jibu la swali lake. Tulimwambia kwamba hatukuwa tukiwavisha sote, na kwamba sasa tutavaa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia majini, awahifadhi wavuvi na wasafiri wetu, na atujaalie kuyafuata tuyajuayo. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.